Gemu la College Football 25 kwa mama wa kwotabeki wa akiba

Niseme mapema ninachomwambia kila mzazi mwenzangu anayeniuliza hapa Columbus: kama una mtoto anayecheza futiboli ya Kimarekani na anasugua benchi, mnunulie gemu hili, kisha keti naye mcheze pamoja. Nimelipatia nyota nne kati ya tano. Ile moja niliyoinyima nitaieleza, maana inagusa jambo linaloniuma sana, nalo ni dakika za kucheza za kijana aliye nyuma ya kijana mwingine.

Mimi ni mtu wa Tanga, niko Ohio miaka mingi, kazi yangu ni uuguzi wa zamu za usiku. Soka nimekua nalo. Futiboli hii ya helmeti nimejifunzia huku, kwa kuwa mwanangu aliipenda tangu shule ya msingi. Sasa yuko sekondari na ni kwotabeki wa pili wa timu yake. Ijumaa usiku, taa zikiwashwa na bendi ya shule ikianza kupiga, nampata kwa macho pembeni ya uwanja, kofia mkononi, na mara nyingi mechi inaanza mpaka inaisha akiwa pale pale.

Kwa ndugu walioko nyumbani ambao hawaufuatilii mchezo huu: kwotabeki ndiye anayepokea mpira kila timu yake inapoanza kushambulia. Ndiye anayeamua aurushe kwa mwenzake aliye mbali, amkabidhi aliye karibu, au akimbie nao mwenyewe. Katika mechi moja timu inaanzisha mpira mara sitini au sabini hivi, na karibu zote zinapitia mikononi mwake. Wengine hupokezana. Wakimbiaji hupumzishwa, wanaokaba mstari wa mbele hubadilishwa wakichoka, lakini kwotabeki akiwa mzima na anacheza vizuri hatoki. Namba yake ni kama ya golikipa. Aliyemwona Beno Kakolanya akikaa nyuma ya Aishi Manula pale Simba anaelewa ninachosema: kipa mzuri, wa kuaminika kabisa, na bado wiki baada ya wiki anaishia kupasha misuli.

Sababu si ubahili wa makocha. Kwotabeki na wapokeaji wake wanategemeana kwa saa ya kichwani. Mpira unaruka kabla mpokeaji hajageuka, na anayeurusha lazima ajue mwenzake atafika wapi baada ya hatua ngapi. Mazoea hayo yanajengwa mazoezini, na mazoezi yana muda maalumu, kwa hiyo yule wa kwanza ndiye anayepewa sehemu kubwa ya marudio pamoja na kikosi cha kwanza. Wa pili anapata kilichobaki, na wa tatu anatazama. Makocha wachache wamejaribu njia nyingine. Mwaka 1997 Steve Spurrier, kocha wa Chuo Kikuu cha Florida, aliwabadilisha kwa zamu makwotabeki wake Doug Johnson na Noah Brindise karibu kila mpira dhidi ya Florida State, akashinda 32 kwa 29, na watu wanaisimulia mechi hiyo hadi leo kwa sababu ni nadra mno.

Sasa gemu lenyewe. Ni la kampuni ya EA Sports, lilitoka Julai 19, 2024, na linachezwa kwenye PlayStation 5 na Xbox Series X au S tu. Lilipoingia sokoni lilikuwa dola 69.99. Sisi tulinunua lililokwisha kutumika. Kabla ya hapo, gemu la mwisho la futiboli ya vyuo lilitoka Julai 2013, kisha kukawa na ukimya wa miaka kumi na moja. Chanzo ni kwamba magemu ya zamani yaliwatumia vijana wa vyuo bila kuwalipa. Jina halikuwekwa, lakini namba ya jezi, kimo, rangi na mkono wa kurushia vyote vilikuwa vyao. Ed O'Bannon, aliyecheza mpira wa kikapu chuo cha UCLA, alifungua kesi mwaka 2009 baada ya kujiona mwenyewe ndani ya gemu. Mpaka sheria za vyuo zilipobadilishwa Julai 2021, wachezaji wakaruhusiwa kupata fedha kwa majina na sura zao, ndipo mlango ukafunguka tena.

Hapa nataka kukaa kidogo, maana wanaoandika kuhusu gemu hili hulipita haraka. Vijana zaidi ya 11,000 walikubali kuwemo, kutoka vyuo 134 vya daraja la juu, na malipo yaliyotolewa kwa kila aliyekubali yalikuwa dola 600 na nakala moja ya gemu. Wale waliowekwa kwenye picha ya jalada walikuwa na mambo yao ya ziada. Lakini katika malipo hayo ya kikosi, kwotabeki wa tatu wa chuo kidogo ambaye hajawahi kugusa mpira kwenye mechi alipata sawasawa na nyota anayetangazwa kwenye televisheni. Jina lake limo, sura yake imo, na namba yake ya jezi imo. Mama yake akiwasha gemu anaweza kumwingiza uwanjani mbele ya watu laki moja.

Mwanangu hufanya hivyo hasa. Anatafuta chuo ambacho sikijui, anafungua orodha ya kikosi, anashuka mpaka kwa kwotabeki wa tatu, anampandisha juu na kucheza naye mechi nzima. Mara ya kwanza nilimuuliza kwa nini asichukue aliye bora. Akanijibu, "Mama, huyu naye anafanya mazoezi kila siku." Tangu jibu hilo nikaanza kulitazama gemu hili kwa makini.

Sehemu inayomhusu moja kwa moja inaitwa Road to Glory. Unaunda mchezaji wako mmoja na kumpitisha miaka yake ya chuo. Unachagua nafasi kati ya tano, kwotabeki ikiwa mojawapo, na unachagua anaingia na sifa gani: nyota tano, nne, tatu au mbili. Ukichukua nyota tano, milango imefunguka tayari. Mimi nashauri nyota mbili. Ukichukua nyota mbili na kutaka chuo kikubwa, unaanzia chini ya orodha, na hapo ndipo gemu linapoanza kufanana na maisha ya watoto wengi.

Kila wiki unapewa kiasi cha nguvu, na kiasi hicho hakitoshi. Unagawanya kwenye masomo, uongozi ndani ya timu, afya, mazoezi ya mwili, na jina lako kwa mashabiki. Ukiweka zaidi kwenye mazoezi, masomo yanalala. Ukikimbilia jina kabla hujacheza, mwili unabaki nyuma. Nilifurahi kuona masomo yamewekwa kama kitu kinachokula nguvu ile ile, kwa sababu nyumbani kwangu hilo ni ugomvi wa kila Jumapili. Simu ndani ya gemu inaingiza ujumbe kutoka kwa kocha na wenzako, nawe unachagua la kujibu. Baadhi ya ujumbe ni wa kujaza nafasi tu, lakini mwingine unagusa kweli.

Kitu kikubwa kuliko vyote ni imani ya kocha. Kuna kipimo chake, na kinapanda mazoezini. Unafanya marudio, unapewa hali fulani uwanjani, unaamua, unapimwa. Imani ikifika kiwango fulani, unaitwa kwenye shindano la kugombea namba dhidi ya aliye mbele yako. Ukishinda, unapanda ngazi. Ukishindwa, unarudi mazoezini. Na hata ukishaanza kucheza, imani hiyo hiyo ndiyo inayoamua kocha akuachie uhuru kiasi gani. Mwenye imani ndogo anacheza alichoambiwa. Mwenye imani kubwa anaruhusiwa kubadilisha mpango akishawaona mabeki wamejipangaje.

Hapa waliotengeneza gemu wamepatia kabisa, na hii ndiyo sababu kubwa ya nyota zangu nne. Watazamaji wengi, na wazazi tukiwemo, tunaamini dakika zinagawiwa siku ya mechi. Tunakaa jukwaani tunamtazama kocha tukisubiri ageuke. Dakika zimeshagawiwa tangu Jumanne. Mwanangu alikuwa akinieleza hivyo kwa maneno na hayakuniingia kama yalivyoniingia niliposhika padi na kuona kipimo kikishuka kwa sababu nilirusha mpira katikati ya mabeki wawili wakati mtu wa karibu alikuwa wazi. Mazoezi, tena ya gemu, na moyo ulinienda mbio.

Nyota niliyoinyima inahusu siku ya mechi yenyewe. Ukiwa wa akiba kwenye Road to Glory, siku ya mechi haina uzito. Wiki inasonga, matokeo yanaletwa, unarudi mazoezini. Benchi limefanywa kama chumba cha kusubiria ambacho mtu anatamani kukiruka, na gemu linamruhusu akiruke. Mama wa kwotabeki wa pili hawezi kukubali hilo kimya kimya.

Siku ya mechi kwotabeki wa akiba anafanya kazi. Kwenye timu nyingi za vyuo, kwa miaka mingi, wao ndio waliosimama pembeni wakipeleka ishara za mikono kwa walio uwanjani, mmoja akitoa ishara za kweli na mwingine za kuwapoteza wapinzani. Mwaka 2024, mwaka ule ule gemu lilipotoka, vyuo vya daraja la juu viliruhusiwa kuweka redio ndani ya helmeti ya mchezaji mmoja, ikikatwa zikibaki sekunde 15 za kuanzisha mpira, na pia kutumia tableti pembeni ya uwanja. Kwotabeki wa akiba akawa miongoni mwa wanaoinama juu ya tableti na mwenzake, wakitazama mabeki walijificha vipi kwenye shambulizi lililopita. Kwenye sekondari ya mwanangu hakuna redio. Yeye ndiye anayetoa ishara. Akirudi nyumbani mikono inamuuma na anaijua mipango yote ya mechi kuliko aliyecheza. Kazi hiyo yote gemu halikuipa hata dirisha moja.

Na kuna zile dakika za mwisho, matokeo yakiwa yameshaamuliwa, kocha anapomwambia wa akiba avae kofia. Jukwaani watu wanatafuta funguo za gari. Kwa familia ya yule kijana, mechi ndiyo inaanza. Hapa Columbus tuna mfano ambao uko kwenye jalada la gemu lenyewe. Mmoja wa vijana watatu waliowekwa kwenye jalada ni Quinn Ewers wa Texas, pamoja na Travis Hunter wa Colorado na Donovan Edwards wa Michigan. Ewers alianzia hapa, kwenye chuo chetu cha Ohio State, mwaka 2021. Aliruka mwaka wake wa mwisho wa sekondari akaja akiwa na sifa kubwa kuliko karibu kijana yeyote nchini, akakuta C. J. Stroud ameshikilia namba. Msimu mzima aliingia kwa mipira miwili tu, dhidi ya Michigan State, mechi iliyoisha 56 kwa 7, na mara zote mbili alimkabidhi mkimbiaji. Hakurusha hata mara moja. Kisha akahamia Texas. Kijana wa mipira miwili ndiye aliyewekwa kwenye jalada. Ningependa gemu lingemfundisha mchezaji wake ladha ya mipira ile miwili.

Yaliyofuata yanalipa neno hilo uzito zaidi. Septemba 14, 2024, miezi miwili baada ya gemu kutoka, Ewers aliumia tumboni dhidi ya chuo cha UTSA. Aliyeingia ni Arch Manning, mjukuu wa Archie Manning, kwotabeki maarufu wa zamani, ambaye alikuwa amekaa nyuma yake tangu msimu uliotangulia. Manning akarusha tachidauni nne (tachidauni ni kama goli letu, mpira ukifikishwa mwisho wa uwanja wa wapinzani) na akakimbia nyingine ya yadi 67. Akaanza mechi mbili zilizofuata. Ewers alipopona, Manning akarudi benchi. Fikiria hilo kwa kijana wa umri huo: unaingia, unafanya kila kitu sawa, timu inashinda, na mwenye namba akirudi unampisha. Hakuna kipimo cha imani kwenye gemu kinachoweza kuonyesha wiki ile ilikuwaje ndani ya chumba cha makwotabeki.

Dakika za wa akiba huja kwa njia chache: umshinde mwenzako, aumie, ahame, amalize masomo, au mechi iwe imekwisha. Nne kati ya hizo ziko nje ya mikono yako. Gemu limejenga vizuri ile ya kwanza, ya kumshinda mwenzako kwa haki, na kuziacha nyingine nyembamba. Kuna mfumo wa mwili kuchakaa, ambapo kila kipigo kinahesabiwa na mchezaji anadhoofika mechi inavyoendelea. Ni mfumo mzuri sana kwa aliye uwanjani. Laiti ungemfikia na aliye pembeni anayeona mwenzake akichechemea, anaanza kurusha mipira ya kupasha mkono, na hajui aombe nini kwa Mungu.

Hapa mjini hakuna anayehitaji kufundishwa jambo hilo. Agosti 2014 Ohio State ilimpoteza Braxton Miller kwa jeraha la bega. J. T. Barrett akashika namba, akaipeleka timu karibu na mwisho wa msimu, akavunjika kifundo cha mguu dhidi ya Michigan. Akabaki Cardale Jones, wa tatu kwenye orodha, ambaye hakuwahi kuanza mechi hata moja ya chuo. Mechi yake ya kwanza kuanza ilikuwa fainali ya Big Ten, ligi ambayo Ohio State inacheza, akaifunga Wisconsin 59 kwa 0. Ya pili, Alabama, 42 kwa 35. Ya tatu, fainali ya taifa dhidi ya Oregon, Januari 12, 2015, 42 kwa 20. Mechi tatu, ubingwa. Wauguzi wenzangu waliozaliwa hapa wanakumbuka walikuwa wapi. Mimi hukumbuka zaidi miezi ile kabla ya Desemba, ambayo Jones alikuwa akifanya mazoezi kama mtu atakayecheza wakati hesabu zote zilisema hatacheza.

Watangazaji wa gemu wameniliwaza kwa namna ambayo sikuitegemea. Sauti mojawapo ni ya Kirk Herbstreit, ambaye alikuwa kwotabeki wa Ohio State na akasubiri mpaka mwaka wake wa mwisho, 1992, ndipo akaanza kama namba moja. Sauti nyingine ni ya Jesse Palmer, aliyecheza Florida chini ya yule yule Spurrier na kugawana dakika na wenzake. Wote wawili wanaijua hali hiyo mwilini. Maneno yao yamerekodiwa na ukicheza sana unaanza kuyasikia yakijirudia, lakini kumwambia mwanangu kwamba mtu anayelitaja jina la mchezaji wake naye alisubiri miaka kuliongeza kitu sebuleni kwetu.

Sehemu ya pili ninayoipenda, na ambayo kwa kweli mimi naicheza kuliko yeye, ni Dynasty. Hapo wewe ni kocha. Unasajili vijana wa sekondari, unapanga kikosi, unaendesha chuo mwaka baada ya mwaka. Kila chuo kinapewa alama katika mambo kumi na manne ambayo kijana huyatazama: umbali na nyumbani, sifa ya masomo, vifaa, uthabiti wa kocha na mengineyo. Moja ya hayo kumi na manne ni muda wa kucheza. Uko pale, una alama yake, kuanzia A mpaka F, na unategemea umejaza watu wangapi wazuri kwenye nafasi ile. Kila kijana ana jambo moja asiloweza kulivumilia likikosekana. Kwa baadhi yao jambo hilo ni muda wa kucheza, na chuo chako kikishuka chini ya anachotaka, hasaini. Akiwa ameshasaini, anaweza kuondoka msimu ukiisha.

Mzazi akikaa upande huo wa meza anaona mambo ambayo jukwaani hayaonekani. Kikosi kwenye gemu kina kikomo cha watu 85. Nikiweka makwotabeki wawili tu, jeraha moja linaniacha uchi. Nikiweka wanne wazuri, wawili wataniaga Januari. Nikimpa wa pili dakika mechi ikiwa imeamuliwa, ninamjenga. Nisipompa, ninamlinda wa kwanza na rekodi zake lakini ninamfundisha wa pili kwamba hapa hana kesho. Kuna kijana mmoja wa kubuniwa, kwotabeki wa pili wangu, alitaka kuondoka. Gemu linakupa nafasi ya kujaribu kumshawishi abaki. Nilijaribu, akaenda. Nilikaa na padi mkononi nikimfikiria kocha wa mwanangu, na maswali ninayopaswa kumuuliza tukikutana: katika mazoezi mwanangu anapata marudio mangapi na kikosi cha kwanza, na anahitaji kuonyesha nini ili aongezewe. Mwanzoni mwa msimu huu nilimuuliza hayo mawili, kwa adabu, mwanangu akiwepo. Akayajibu vizuri, na mwanangu akaondoka pale na kitu cha kufanyia kazi.

Uhamisho umetengenezwa kwa uangalifu. Kwenye maisha halisi, potali ya uhamisho, yaani orodha ya mtandaoni ya wachezaji wanaotaka kuhama, ilianza Oktoba 2018, na mwaka 2021 mchezaji anayehama kwa mara ya kwanza akaruhusiwa kucheza papo hapo bila kukaa nje mwaka. Kabla ya hapo wa akiba alifungwa zaidi. Joe Burrow aliondoka hapa Ohio State mwaka 2018, baada ya Dwayne Haskins kuwa mbele yake, na aliweza kucheza papo hapo kwenye chuo cha LSU kwa sababu alikuwa ameshamaliza shahada. Mwaka uliofuata akachukua tuzo ya Heisman, ya mchezaji bora wa vyuo, na ubingwa wa taifa. Kila mtoto wa Columbus anamtaja Burrow akitaka kuthibitisha kwamba kuhama ni dawa. Mimi humwambia mwanangu amtazame pia Stetson Bennett, aliyeingia Georgia bila ufadhili, akaondoka kwenda chuo cha miaka miwili, akarudi, akakaa tena nyuma ya wengine, na akaishia kuwa bingwa wa taifa wa misimu miwili mfululizo, 2021 na 2022. Kwenye Road to Glory utakapofika mwisho wa msimu na kuulizwa kama unahama, zungumzeni kabla hajabonyeza. Ni mazungumzo ambayo ni rahisi zaidi kuyafanya kuhusu mchezaji wa gemu.

Kuna pia ule utaratibu wa mechi nne. Tangu 2018 mchezaji wa chuo anaweza kucheza hadi mechi nne na mwaka huo usihesabiwe kati ya miaka yake minne ya kucheza. Dynasty inauzingatia, na ukianza kuwatunza makwotabeki wako wachanga kwa hesabu hiyo utaelewa kwa nini Septemba makocha huwa wakarimu na Novemba huwa wachoyo.

Jambo moja la ufundi lililonigusa: kelele za uwanja. Ukicheza ugenini kwenye uwanja mgumu, skrini inatikisika, na mistari inayoonyesha wapokeaji watakimbilia wapi inapindapinda mbele ya kwotabeki asiye na uzoefu. Ukimwingiza wa akiba mahali kama hapo unaiona hofu yake kwa macho. Mwanangu alicheka, akasema ndivyo ilivyo hasa, kwamba siku alipoitwa ghafla dhidi ya mahasimu wao aliusahau mpango aliokuwa ameutolea ishara yeye mwenyewe mara nyingi.

Toleo lililofuata, College Football 26, lilitoka Julai 10, 2025 na limerudisha sehemu ya sekondari kabla ya chuo. Kwa mtoto aliye sekondari hilo ni jambo kubwa, na kama unanunua jipya kabisa chukua hilo. Hili la 25 lina majina ya kizazi cha Ewers na Hunter, na kwa Dynasty bado linatosha.

Kwa anayeanza: chagua ugumu wa Varsity, maana ule wa chini unarahisisha kurusha kiasi kwamba shindano la namba linakosa maana. Kwenye Road to Glory anza na nyota mbili na chuo cha kati, usikimbilie Alabama. Wiki za benchi msizipitishe haraka. Sisi tumejiwekea utaratibu wetu: kabla ya kusogeza wiki, mwanangu ananieleza kwa maneno yake mpinzani anayekuja anakaba vipi na yeye angecheza nini kama angeitwa. Na kwa shemeji zangu wa Tanga walioomba niwatumie nakala: mashine mliyo nayo ni PlayStation 4, na gemu hili halitafunguka humo. Ngojeni nipate ile ya 5 kwanza, kisha nitavituma vyote pamoja.